Asilimia ni Ushahidi wa Watu: Tusinukuu Tusichokisoma

  

Ndugu wasomaji, tarehe 7 Desemba 2015, Donald Trump, wakati huo akiwania kuteuliwa kugombea urais wa Marekani, alitoa tamko la kutaka Waislamu wazuiwe kuingia nchini humo. Tamko hilo lilitegemezwa juu ya tarakimu. Lilinukuu utafiti wa taasisi iitwayo Center for Security Policy, kwamba asilimia 25 ya Waislamu waliohojiwa walikubali kuwa matumizi ya nguvu dhidi ya Wamarekani ndani ya nchi hiyo yanahalalika. Asilimia hiyo ikasambaa duniani kwa siku moja. Waliouliza imetoka wapi walikuwa wachache, nao walipouliza walikuta kwamba waliohojiwa walikuwa watu 600, waliojibu kwa njia ya mtandao baada ya kujiandikisha wenyewe kwa hiari. Hawakuteuliwa kwa kubahatisha miongoni mwa Waislamu wa Marekani, na kwa hiyo hapakuwa na njia ya kielimu ya kusema kwamba maneno ya watu wale 600 ni maneno ya mamilioni ya wenzao. Januari 2017, akiwa tayari Rais, alitia saini amri ya kuwazuia raia wa nchi saba, zikiwamo Somalia na Sudan, na familia nyingi zikatenganishwa. Amri zilizoifuata zilifutwa mwaka 2021.

Hatusemi kwamba utafiti ule peke yake ndio ulioleta amri ile. Tunasema kwamba asilimia 25 ilisimamishwa mbele ya umma kama shahidi, na shahidi huyo hakuwa na sifa za kutoa ushahidi. Hili ndilo tunalotaka kulizungumza leo, kwa sababu tabia hiyo haiko Marekani peke yake. Iko katika magazeti yetu, katika redio zetu, katika vikao vya siasa, na, tuseme ukweli, iko pia juu ya mimbari zetu. Siku hizi aghalabu husikika mzungumzaji akisema “utafiti umeonyesha”, kisha ikafuata asilimia, na hadhira ikatikisa vichwa. Utafiti gani? Wa nani? Wa lini? Waliulizwa nini? Hayo hayasemwi, na hakuna anayeyauliza.

Utafiti wa maoni ni kitu gani hasa? Ni watu wachache walioteuliwa ili waseme kwa niaba ya wengi ambao hawakuulizwa. Mwanamke wa Tandahimba anayemfungulia mlango mtafiti na kujibu maswali yake kwa saa nzima ameweka amana. Amesema neno lake, na neno hilo litageuzwa tarakimu, litachanganywa na maneno ya wenzake, na litaitwa sauti ya nchi. Anayeinukuu tarakimu hiyo anatoa ushahidi juu ya kauli ya watu ambao hawapo kujitetea. Akiipotosha, amewasemea wasilolisema. Hiyo haiwi hitilafu ya hesabu pekee. Kwa lugha ya fiqhi yetu, inakaribia ushahidi wa uongo.

Umma huu haukupaswa kufundishwa jambo hili na wengine. Surat al-Hujurat, katika aya yake ya sita, imetuamuru kuhakiki habari kabla ya kuitendea kazi, tusije tukawadhuru watu kwa kutojua kisha tukajuta. Surat al-Israa, katika aya ya 36, imetukataza kufuata tusilo na elimu nalo. Na maulamaa wa Hadithi walijenga elimu nzima juu ya msingi huo: kabla ya kuitazama matini waliitazama sanadi, nani amepokea kwa nani, wapi, lini, na je, walikutana? Asilimia nayo ina sanadi yake. Tofauti ni kwamba sanadi ya Hadithi ilihitaji miezi ya safari juu ya ngamia, ilhali sanadi ya utafiti wa maoni leo hii inapatikana kwenye tovuti ndani ya dakika chache, tena mara nyingi bila ya malipo. Udhuru wetu uko wapi?

Tutoe mfano unaotugusa sisi wenyewe. Mwaka 2013 taasisi ya Marekani iitwayo Pew Research Center ilichapisha ripoti kubwa juu ya Waislamu wa dunia, iliyotokana na mahojiano zaidi ya 38,000 katika nchi na maeneo 39. Ni kazi ya kielimu, iliyofanywa kwa mahojiano ya ana kwa ana na kwa sampuli zilizoteuliwa kitaalamu. Lakini kazi nzuri haizuii kunukuliwa vibaya. Baada ya ripoti hiyo kutoka, ilienea habari kwamba asilimia 86 ya Waislamu wa Misri wanaunga mkono adhabu ya kifo kwa anayeuacha Uislamu. Ukifungua ripoti yenyewe utakuta habari nyingine. Kwanza waliulizwa wote kama wanataka sharia iwe sheria rasmi ya nchi. Asilimia 74 wakasema ndiyo. Swali la adhabu likafuata, na asilimia 86 iliyochapishwa ni ya hao waliosema ndiyo peke yao. Asilimia 86 ya watu 74 katika kila 100 ni watu wapatao 64.

Tunajua yupo atakayesema: hata 64 si ndogo. Ni kweli, si ndogo, wala hatuitaji hapa ili kuipamba. Huo ndio uadilifu tunaouzungumza. Usahihi hautafutwi pale tu unapotupendeza. Asilimia 86 ya sehemu si asilimia 86 ya wote, ikiwa inatusifu au inatutia doa. Swali la “asilimia ya nani?” ndilo la mwanzo ambalo kila msomaji wa takwimu anapaswa kuuliza.

Katika ripoti hiyohiyo kuna safu ya nchi zetu. Waislamu waliotaka sharia iwe sheria rasmi ya nchi walikuwa asilimia 74 katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, 66 Uganda, 64 Kenya, na 37 Tanzania. Tarakimu hizi hunukuliwa kana kwamba zimekusanywa jana. Wenye haraka huandika “kwa mujibu wa utafiti wa 2013”. Lakini asomaye sehemu ya mwisho ya ripoti, ile inayoeleza namna utafiti ulivyofanyika, hukuta kwamba mahojiano ya nchi hizi za Afrika kusini mwa Sahara yalifanyika kati ya mwisho wa 2008 na mwanzo wa 2009, na matokeo yake yalikwisha kuchapishwa mara ya kwanza Aprili 2010. Mtoto aliyezaliwa siku ya mahojiano yale leo ni kijana aliyekwisha kubaleghe. Kusema leo kwamba Waislamu wa Tanzania “wanataka” hivi au “hawataki” vile kwa tarakimu hizo ni kumfanya baba aseme kwa kinywa cha mwanawe. Sharti isemwe: “walipoulizwa mwaka 2008 na 2009”. Ni maneno machache, lakini yanatenganisha ukweli na uzushi.

Sasa turejee nyumbani kabisa. Julai 2018, asasi ya Twaweza ilitoa matokeo ya utafiti wake uitwao Sauti za Wananchi. Kukubalika kwa utendaji wa Rais wa Tanzania wakati huo, Dk. John Magufuli, kulionekana kuwa asilimia 55, kutoka 71 mwaka 2017 na 96 mwaka 2016. Wapinzani wakashangilia, wafuasi wakakasirika, na Tume ya Sayansi na Teknolojia ikaiandikia asasi hiyo barua kuhusu kibali cha utafiti. Septemba mwaka huohuo Bunge likairekebisha Sheria ya Takwimu ya mwaka 2015, ikawa kuchapisha takwimu bila ya idhini ya Ofisi ya Taifa ya Takwimu kunaweza kumfikisha mtu mahakamani. Benki ya Dunia ikaeleza wasiwasi wake hadharani. Juni 2019 Bunge likairekebisha sheria hiyo tena na kuiondoa jinai hiyo.

Katika kelele zote hizo, ni wangapi waliousoma utafiti wenyewe? Waliohojiwa walikuwa watu 1,241, kwa simu, mwezi wa Aprili 2018, nao wote walikuwa wa Tanzania Bara. Zanzibar haikuwamo. Hayo hayakufichwa; yaliandikwa waziwazi na watafiti wenyewe. Lakini vichwa vya habari vilisema “Watanzania”, na Wazanzibari wakasemewa katika jambo ambalo hakuna aliyewauliza. Fauka ya hayo, wengi waliandika kwamba kukubalika kumeshuka “kwa asilimia 16” kutoka mwaka uliotangulia. Kutoka 71 hadi 55 ni kushuka kwa pointi 16 za asilimia. Ukitaka kusema kwa asilimia, 16 katika 71 ni zaidi ya asilimia 22. Pointi na asilimia ni vitu viwili, na asiyevitofautisha asijifanye mwalimu wa umma.

Somo la mwaka ule lina pande mbili. Mwenye mamlaka asiyependa tarakimu asiifungie mlango; aijibu kwa tarakimu nyingine iliyopatikana kwa njia bora zaidi. Na sisi tunaonukuu tujue kwamba kila tunaponukuu ovyo, tunampa hoja yule anayetaka data ifungiwe. Atasema: tazameni, watu hawa hawajui kuitumia. Uhuru wa kuzifikia takwimu hulindwa kwa sheria, lakini hulindwa pia kwa uaminifu wa wanaozitumia.

Basi mtu afanye nini? Tunaweka hapa mambo matano, na kila moja ni jepesi.

Kwanza, aende kwenye chanzo. Asitosheke na gazeti lililonukuu gazeti. Mtandao wa Afrobarometer, ambao umekuwa ukipima maoni ya Waafrika tangu mwaka 1999, umeweka katika tovuti yake ripoti, madodoso na data zenyewe, bila ya malipo. Kuna hata mahali ambapo mtu asiye mtaalamu anaweza kuchagua nchi, raundi ya utafiti na swali, akaona majibu yalivyogawanyika kwa jinsia, umri, na mjini au kijijini. Pew nao hutoa data zao kwa anayejiandikisha na kukubali masharti. Twaweza huchapisha matokeo yao kwa Kiswahili na Kiingereza. Mwanafunzi wa chuo mwenye simu anaweza kufanya uhakiki huu akiwa ndani ya daladala.

Pili, alisome swali kama lilivyoulizwa. Kumuuliza mtu “unaridhika na kazi ya diwani wako?” si sawa na kumuuliza “utampigia kura diwani wako?” Jibu la swali moja halinukuliwi kwa swali jingine. Na ikiwa dodoso lilitungwa kwa Kiingereza kisha mtu akahojiwa kwa Kiswahili, Kihaya au Kigiriama, inafaa kujua ni neno gani alilolisikia masikioni mwake.

Tatu, atazame waliulizwa nani na walipatikanaje, kabla ya kutazama walikuwa wangapi. Wingi haumsaidii asiye na njia. Mwaka 1936 jarida la Literary Digest la Marekani lilituma karatasi za maoni kwa watu wapatao milioni 10, likapokea majibu zaidi ya milioni 2, likatangaza kwamba Alf Landon angemshinda Rais Franklin Roosevelt. Roosevelt alishinda majimbo yote isipokuwa mawili. Majina yalikuwa yamechukuliwa kwa wingi katika orodha za wenye simu na wenye magari, katika miaka ya dhiki ambapo masikini hakuwa na simu wala gari. Na waliojisumbua kurudisha karatasi hawakuwa mfano wa wote. Wakati huohuo George Gallup, kwa sampuli ndogo zaidi iliyopangwa vizuri zaidi, alimtaja mshindi kwa usahihi. Tukumbuke hayo tunapoona kituo cha redio kikitangaza matokeo ya ujumbe wa simu wa wasikilizaji wake, au kundi la WhatsApp likipiga kura na kuita “maoni ya wananchi”. Hayo ni maoni ya waliopenda kujibu, basi.

Nne, aheshimu kiwango cha makosa. Sampuli nasibu ya watu 1,200 huweza kupotoka kwa pointi 3 hivi juu au chini. Ya watu 2,400, kwa pointi 2. Kwa hiyo mgombea mwenye 47 na mwenye 45 katika watu 1,200 hawajaachana, na anayetangaza kwamba mmoja “anaongoza” ametangaza asichokijua. Tena kiwango hicho ni cha sampuli nzima. Ukizigawa hojaji 2,400 kwa mikoa 31 ya Tanzania, kila mkoa unapata wastani wa watu 77, na hapo makosa hufika pointi 11 au kuzidi. Anayesema “asilimia kadhaa ya watu wa mkoa fulani” kwa watu 77 anajenga ghorofa juu ya mchanga. Kadhalika, anayechambua data ghafi mwenyewe asisahau uzani ulioambatanishwa. Watafiti huweza kuhoji kwa makusudi watu wengi zaidi wa eneo dogo, mathalani visiwani, ili wapate idadi ya kutosha kuchambua, kisha uzani ukarudisha kila kundi katika nafasi yake. Ukiuacha uzani, umelipa kundi hilo sauti isiyokuwa yake.

Tano, anapoandika, amtaje aliyefanya utafiti, aliyeulipia, tarehe ya mahojiano, idadi ya wahojiwa, eneo, njia, na maneno ya swali. Jirani zetu wa Kenya wameliingiza jambo hili katika sheria: Sheria ya Uchapishaji wa Tafiti za Maoni ya Uchaguzi ya mwaka 2012 inawataka wachapishaji kutaja mambo ya aina hii, na inazuia matokeo mapya kuchapishwa katika siku za mwisho kabla ya kura. Lakini mwenye kumcha Mungu hangoji sheria. Mistari mitatu chini ya habari yatosha. Juu ya mimbari yatosha sentensi moja.

Lipo jambo moja ambalo ukurasa huu hauwezi kulikwepa. Sensa za Tanzania hazijauliza dini ya mtu tangu ile ya mwaka 1967. Pengo hilo limezibwa na tafiti za maoni, ambazo huuliza dini kama swali mojawapo miongoni mwa mengi. Matokeo yake huchukuliwa na kila upande na kutumiwa kama fimbo: sisi ni wengi, nyinyi ni wachache. Tuseme bila ya kigugumizi, kwa Waislamu na kwa wasiokuwa Waislamu: utafiti wa maoni si sensa. Kwa kawaida huwahoji watu wazima tu, watoto hawamo; na shabaha yake ni kupima maoni, si kuhesabu vichwa. Anayetaka kujua idadi ya waumini na adai kwa hoja kwamba sensa iulize, au akubali kwamba haijaulizwa. Asichukue tarakimu iliyokusudiwa jambo moja akaitwisha jambo jingine kwa sababu tu imempendeza. Na ikiwa tarakimu imempendeza mno, hapo ndipo aongeze uhakiki, kwani nafsi huhongwa kwa yale inayoyapenda.

Mwisho, kuna haki ya wale waliojibu. Data zinazowekwa wazi zimeondolewa majina, na baadhi ya maelezo, kama vile mahali hasa yalipofanyika mahojiano, hutolewa na Afrobarometer kwa maombi maalumu tu. Isiwe mtu mwerevu wa kompyuta akajaribu kuunganisha kijiji, umri na kabila ili amjue nani alisema nini juu ya mtawala wake. Yule aliahidiwa siri. Siri ni amana, na kuifichua kunaweza kumgharimu mtu kazi yake au usalama wake. Kisha, mara inayofuata mtafiti atakapobisha hodi, watu watasema yale yanayotakiwa badala ya yale wanayoyaamini, na hapo tutakuwa tumeipoteza njia ya kusikia sauti ya mnyonge.

Tunawaomba makhatibu wetu, waandishi wetu na walimu wetu waanze na jambo moja dogo. Ijumaa ijayo, kabla ya kutamka asilimia yoyote, mtu ajiulize: je, nikisimamishwa hapahapa nikaulizwa nani aliulizwa, lini, na swali gani, ninalo jibu? Akiwa nalo, aseme na ataje chanzo. Akiwa hana, anyamaze, au aitoe hoja yake bila ya tarakimu. Hoja ya haki haipungui uzito kwa kukosa asilimia, bali huporomoka pale asilimia yake inapogunduliwa kuwa ni ya kuokota.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu azihifadhi ndimi zetu na kalamu zetu zisishuhudie tusilolijua. Wabillahi Tawfiq.